Intaneti ya Redio Mjini: Kutafuta Chanzo cha Tatizo kwa Kufuata Saa Zake

Mtandao unaopeleka intaneti kwa mawimbi, kutoka antena iliyo juu ya jengo refu hadi kifaa kilichofungwa kwenye paa au ukuta wa mteja, unaweza kuharibika kwa njia nyingi sana, ilhali malalamiko yanayomfikia fundi ni machache na yanafanana: intaneti ni ya taratibu, inakatika, au inafungua kurasa kadhaa na kuzigomea nyingine. Kipimo cha kasi kilichochukuliwa mara moja, kwa simu, sebuleni kwa mteja, hakitenganishi sababu hizo. Kinachozitenganisha vizuri zaidi ni wakati: tatizo linaanza lini, linadumu kwa muda gani, na linaondoka lenyewe au haliondoki. Udhaifu uliokuwapo tangu siku ya kufunga una sababu zake, unaokuja kila jioni una zake, na unaofuata mvua una zake. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata saa za tatizo badala ya orodha ya vifaa.

Hesabu inayotangulia ngazi

Kabla ya mtu yeyote kupanda paa, inafaa ijulikane mawimbi yalitakiwa kufika na nguvu kiasi gani. Upotevu wa mawimbi katika anga wazi, kwa desibeli, ni 32.44, jumlisha mara 20 ya logi ya masafa kwa megahezi, jumlisha mara 20 ya logi ya umbali kwa kilomita. Kwa gigahezi 5.8 na umbali wa kilomita 2, jibu ni takriban desibeli 114. Kituo kinachotoa 36 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati 1), ongezeko la antena yake likiwa limeshahesabiwa, kikipokewa na dishi lenye ongezeko la desibeli 25, kinapaswa kusomeka kwa mteja karibu na -53 dBm. Kifaa kikisoma -56 dBm hakuna la kutafuta. Kikisoma -72 dBm, kuna desibeli 19 zilizopotelea njiani, na inafaa zitafutwe hata kama mteja bado anaridhika, kwa sababu siku kelele za jirani, yaani mawimbi ya vifaa vya wengine, zitakapopanda kidogo yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga simu.

Upande wa pili wa hesabu ni kelele. Kipokezi chenye kelele ya ndani ya desibeli 6 kina sakafu ya kelele, yaani kiwango ambacho kelele haishuki chini yake, ya takriban -95 dBm kwenye chaneli ya upana wa megahezi 20, na -89 dBm kwenye chaneli ya megahezi 80. Anayepanua chaneli mara nne ili apate kasi zaidi anakuwa ametoa desibeli 6 za akiba yake, na pia amefungua dirisha pana zaidi la kupokea kelele za wengine. Modulesheni, yaani namna ya kubebesha data kwenye mawimbi, ya kasi kama 256-QAM hudai mawimbi yazidi kelele kwa takriban desibeli 30, wakati ya taratibu kama QPSK hutosheka na chini ya 10. Fundi mwenye tarakimu hizi mbili, yaani nguvu inayotarajiwa na sakafu ya kelele, hasumbuliwi sana na maelezo ya mteja, maana anajua mapema modulesheni gani ilipaswa kuonekana kwenye kiungo hicho.

Tarakimu zisomwe pande zote mbili, kituoni na kwa mteja, na kwa mikondo yote miwili ya antena, wa wima na wa mlalo. Zihifadhiwe siku ya kufunga. Kumbukumbu hiyo isipokuwapo, hakuna wa kusema baada ya miezi 6 kama kilichobadilika ni mawimbi, kelele, au matarajio ya mteja.

Nguvu ni hafifu tangu siku ya kwanza

Pengo la desibeli 15 hadi 20 kati ya hesabu na kipimo lina mshukiwa wa kawaida: dishi limelengwa kwenye mwale wa pembeni. Dishi la desibeli 25 lina mwale mkuu wenye upana wa digrii 10 hivi, na kando yake kuna miale midogo ambayo nayo hupanda na kushuka dishi linapozungushwa. Fundi aliyezungusha kidogo, akaona nguvu inapanda kisha inashuka, akakaza boliti, anaweza kuwa amekaza kwenye kilima kidogo kilicho ubavuni mwa mlima. Dawa ni kuzungusha kwa upana, kulia na kushoto, kisha juu na chini, hadi vilima viwili vidogo vionekane kila upande wa kile kikubwa. Hatua ya juu na chini ndiyo inayorukwa zaidi, na mjini ndiyo yenye madhara zaidi, kwa kuwa kituo huwa juu ya jengo refu na mteja yuko chini karibu.

Jambo hilo linaeleza pia ajabu moja ambayo wapangaji wa mitandao hukutana nayo mapema: mteja aliye mita 150 kutoka kwenye jengo hupata mawimbi hafifu kuliko aliye kilomita 1. Antena ya sekta, yaani ile ya kituo inayohudumia upande mmoja tu, ikiwa mita 60 juu ya ardhi na mteja akiwa mita 10, pembe ya kushuka kwa umbali huo ni digrii 18, wakati mwale wa wima wa antena nyingi za sekta una upana wa digrii chache tu. Mawimbi yanampita juu ya kichwa. Kuinamisha antena yote kwa ajili yake kutawanyima walio mbali, kwa hiyo ni afadhali wateja wa karibu sana wahudumiwe kutoka jengo jingine, au kwa antena ndogo ya pili iliyoinamishwa makusudi.

Mshukiwa mwingine ni eneo la Fresnel. Kuuona mnara kwa macho hakumaanishi kwamba mawimbi yana nafasi ya kupita, kwa sababu mawimbi huhitaji uwazi kuzunguka mstari wa kuonana. Kwa kilomita 2 na gigahezi 5.8, nusu kipenyo cha eneo hilo katikati ya njia ni mita 5, na kanuni inayotumika sana ni kuacha asilimia 60 yake bila kizuizi, yaani mita 3 hivi. Wengi hukumbuka katikati ya njia na kusahau mwanzo wake. Chukua paa bapa, nguzo fupi ikiwa imesimikwa katikati ya paa, mita 10 kutoka ukingoni, na mstari wa kuonana ukipita sentimita 30 tu juu ya ukuta mdogo wa ukingo. Hapo nusu kipenyo cha eneo la Fresnel ni takriban sentimita 70, na asilimia 60 yake ni sentimita 43. Ukuta wa jengo la mteja mwenyewe umekuwa kizuizi. Kusogeza nguzo hadi ukingoni, au kuiongeza urefu kwa nusu mita, huponya kile ambacho kubadilisha dishi hakutaponya.

Kwa vifaa vinavyowekwa ndani ya nyumba, kioo nacho kichunguzwe. Vioo vya majengo mapya vyenye utando mwembamba wa chuma wa kuzuia joto vinaweza kumeza desibeli 20 au zaidi, na dalili yake ni rahisi kuthibitisha: fungua dirisha, soma tena.

Nguvu ni nzuri, kasi ni mbaya

Hapa ndipo muda mwingi wa mafundi unapopotea, kwa sababu kipimo cha kwanza wanachokitazama kinasema kila kitu ni sawa. Nianze na sababu ya kipuuzi kuliko zote, ambayo huokoa saa nyingi ikiangaliwa kwanza: kebo. Mtandao wa gigabiti 1 juu ya waya wa shaba unahitaji jozi zote nne za kebo, ilhali wa megabiti 100 unatosheka na jozi mbili. Jozi moja ikikatika au pini moja ikipata kutu, vifaa vitakubaliana kimya kimya kushuka hadi megabiti 100, na mteja atabaki na kasi isiyovuka 95 hivi hata redio ikiwa na uwezo mara tano. Mteja ambaye kasi yake imegota hapo, siku zote, asubuhi na jioni, hana tatizo la mawimbi. Kebo ikiwa nzima lakini kihesabuji cha pakiti (vipande vya data) zenye kasoro kinapanda, tafuta plagi iliyobanwa vibaya, kebo iliyozidi mita 100, au upande mmoja uliolazimishwa mpangilio ambao upande wa pili hauujui.

Kebo ikishasafishwa jina, kinachobaki mara nyingi ni mwingiliano wa mawimbi, na mwelekeo wa dalili unaeleza ni wapi. Upotevu wa njia ni uleule kwenda na kurudi, lakini kelele haziko sawa. Antena ya kituo iko juu, ina mwale mpana wa digrii 60 au 90, na inasikia kila kifaa cha nusu ya mji. Dishi la mteja linatazama upande mmoja tu. Kwa hiyo mwingiliano wa nje huumiza kwanza mwelekeo wa kupakia. Kama wateja wote wa sekta wanapakia kwa modulesheni ya chini huku wakipakua vizuri, chanzo kitafutwe karibu na kituo au mbele ya sekta hiyo. Kama ni mteja mmoja anayepakua vibaya, chanzo kiko kwenye mstari wa dishi lake, na pengine kumhamishia sekta nyingine inayomfikia kutoka upande tofauti kutatosha.

Mwingiliano mkubwa mara nyingi hutoka nyumbani, yaani kwenye vifaa vyako mwenyewe. Redio hizi hutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale, na sekta mbili zilizo kwenye nguzo moja zisipogawana saa, moja itakuwa inatuma wakati nyingine inajaribu kusikia mteja dhaifu wa kilomita 3. Ulinganifu wa saa kwa setilaiti za GPS huondoa tatizo hilo, kwa sharti kwamba uwiano wa kupakua na kupakia na urefu wa fremu, yaani mzunguko mmoja wa zamu, viwe sawa katika sekta zote. Sekta moja tu iliyowekwa robo tatu kwa robo wakati nyingine zina nusu kwa nusu inatosha kuharibu nguzo nzima. Kabla ya kumlaumu jirani, zima sekta zako moja baada ya nyingine saa za usiku na utazame sakafu ya kelele ya iliyobaki.

Vifaa visivyotumia zamu zilizopangwa, vile vinavyosikiliza kwanza ndipo vitume kama Wi-Fi ya kawaida, vina ugonjwa wa ziada: wateja wawili walioelekeza madishi yao kituoni hawasikiani wao kwa wao, hivyo kila mmoja huona hewa iko wazi na pakiti zao hugongana. Kuongeza nguvu hakusaidii. Panahitajika mfumo ambamo kituo chenyewe ndicho kinachogawa zamu.

Na mawimbi yanaweza pia kuzidi. Mteja aliye karibu mno, anayesoma -30 dBm, anakizidia kipokezi, na kasi hupanda pindi nguvu ya kutuma inapopunguzwa. Kati ya -50 na -60 ni mahali pazuri pa kulenga.

Kasi inaanguka kila jioni

Msongamano na mwingiliano hufanana jioni, kwa kuwa majirani nao wamerudi nyumbani na vifaa vyao vimewaka. Tofauti inaonekana kwenye modulesheni. Modulesheni ikishuka pamoja na kasi, hewa imechafuka. Modulesheni ikibaki juu na kasi ikashuka, hewa ni safi ila imejaa, au njia iliyo nyuma ya kituo imejaa.

Kinachojaa kwenye sekta ni muda wa hewani, na muda huo hauliwi kwa usawa. Kwa kiwango cha Wi-Fi cha 802.11n, chaneli ya megahezi 20 na mkondo mmoja, daraja la chini kabisa la modulesheni ni megabiti 6.5 kwa sekunde na daraja la saba ni 65. Mteja mmoja wa daraja la chini anayepakua megabiti 5 anakula muda ambao ungempa mwenzake karibu megabiti 50. Kwa maoni yangu, kuwarekebisha au kuwahamisha wateja watatu dhaifu ndiyo kazi yenye faida kubwa kuliko zote kwenye sekta iliyolemewa, na ni ya gharama ndogo kuliko kununua redio mpya. Ila haipendwi, kwa sababu wateja wenyewe huenda hawajalalamika. Anayelalamika ni jirani yao mwenye mawimbi mazuri.

Kipimo cha pili cha jioni ni ucheleweshaji. Pima muda wa kwenda na kurudi wa pakiti kiungo kikiwa kimetulia, kisha upime tena upakiaji wa faili kubwa ukiendelea. Ukiruka kutoka milisekunde 15 hadi 400, foleni za vifaa ni ndefu kupita kiasi: pakiti hazipotei, zinasubiri, na simu za video huharibika hata kabla kasi haijaisha. Kuongeza kasi ya kifurushi hakuondoi hali hiyo. Huondolewa na usimamizi mwerevu wa foleni, kama kanuni ya FQ-CoDel iliyoandikwa kwenye hati ya kiufundi ya intaneti RFC 8290 mwaka 2018, ukiwekwa mahali msongamano unapotokea hasa, huku kikomo cha kasi kikishushwa kidogo chini ya uwezo halisi wa redio ili foleni ijengwe kwenye ruta inayoijua dawa.

Kabla ya hayo yote, kompyuta iunganishwe kwa kebo moja kwa moja. Wi-Fi ya ndani ya nyumba ndiyo mkosaji mara nyingi sana, na mtoa huduma hubeba lawama yake.

Tatizo linakuja na mvua

Angalia linavyoondoka. Mvua yenyewe ikiwa ndiyo sababu, mawimbi hushuka inaponyesha kwa nguvu na kurudi dakika chache baada ya kupungua. Hilo ni jambo la masafa ya juu, kuanzia gigahezi 10 hivi na kuendelea. Kwenye gigahezi 60 na zaidi, mvua ya milimita 50 kwa saa huweza kula zaidi ya desibeli 15 kwa kila kilomita, juu ya desibeli 15 hivi ambazo oksijeni ya hewa inazichukua kila siku kwenye gigahezi 60. Viungo vya aina hiyo hupangwa vifupi, kwa takwimu za mvua za mahali husika, na vikiwezekana viwe na kiungo cha akiba cha gigahezi 5.

Kwenye gigahezi 5 mvua hiyohiyo ingekula sehemu ndogo tu ya desibeli. Kwa hiyo kiungo cha gigahezi 5 kinachoshuka desibeli 10 mvua ikinyesha, kikabaki hapo chini siku mbili, kisha kikapanda polepole jua linapowaka, hakina tatizo la hewa: maji yameingia kwenye konekta. Mara nyingi mkondo mmoja ndio unaoshuka na mwingine unabaki salama, na tofauti hiyo ya mikondo inamwambia fundi akafungue konekta ipi. Ukiifungua utaona rangi ya kijani kwenye shaba, au maji yakidondoka kutoka kwenye ala ya kebo. Kuikausha na kuifunga upya hakutoshi, kebo fupi hiyo ibadilishwe, na mpya izungushiwe utepe wa mpira kuanzia chini kwenda juu ili kila mzunguko ufunike ule wa chini yake. Kebo ya mtandao nayo iachiwe kitanzi kinachoning'inia kabla ya kuingia ukutani, maji yadondokee hapo.

Hali ya tatu ni mti. Majani yaliyolowa huzuia zaidi ya makavu, na nguvu ya mawimbi hushuka kisha hurudi kwa saa kadhaa majani yanapokauka. Upepo ukiambatana, nguvu hucheza juu na chini kwa sekunde. Mti uliokuwa mfupi wakati wa upimaji umeshakua.

Inakatika bila saa maalumu

Swali la kwanza ni kama redio ilizima au ilipoteza mwenzake. Kila redio huhesabu muda tangu ilipowashwa. Hesabu hiyo ikiwa imeanza upya, tafuta umeme: adapta iliyochoka, kebo ndefu mno, swichi isiyotoa wati za kutosha. Katika kupeleka umeme kwa kebo ya mtandao, kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwenye lango la swichi na 802.3at wati 30, na redio inayohitaji zaidi ya inachopewa huweza kukaa vizuri hadi pale inapotuma kwa nguvu zote.

Hesabu ikiwa inaendelea, soma kumbukumbu za matukio. Katika sehemu za gigahezi 5 zinazotumiwa pia na rada, kifaa kinachodhani kimesikia rada kinalazimika kuhama chaneli, na kwenye chaneli mpya ya aina hiyo husikiliza kwa sekunde 60 kabla ya kutuma. Ulaya, kwa masafa ya rada za hali ya hewa kati ya megahezi 5600 na 5650, husikiliza dakika 10. Mkatiko wa sekta nzima unaodumu dakika moja na nusu, kisha kila kitu kikarudi kwenye chaneli nyingine, una alama hiyo. Suluhisho ni kuhamia masafa yasiyo na sharti hilo, au kuchagua chaneli za akiba zilizokwisha kuchunguzwa. Kuzima ugunduzi wa rada ni kosa la kisheria.

Mikatiko ya saa za kazi tu, Jumatatu hadi Jumamosi, inafaa itazamwe kwa darubini: kreni ya ujenzi inapita kwenye mstari. Jengo linalopanda ghorofa kwa ghorofa litamaliza kile kreni ilichoanza, kwa hiyo hapo kazi ni ya kupanga njia mpya mapema.

Kurasa kadhaa zinafunguka, nyingine zinaganda

Pakiti ndogo zinapita na kubwa zinakwama. Huduma inayopitia PPPoE, njia ya mteja kujiunga na mtoa huduma kwa jina na nywila, hubakiwa na baiti 1492 kwa pakiti kutoka 1500, na lebo ya mtandao pepe (VLAN) huongeza baiti 4 ambazo kila swichi ya njiani lazima izibebe. Tuma ping, yaani pakiti ya majaribio, iliyokatazwa kugawanywa, yenye mzigo wa baiti 1464. Ikipita na ya 1472 ikakwama, njia ni ya 1492, na ukubwa wa sehemu za TCP, kanuni inayosafirisha data za kurasa nyingi, upunguzwe kwenye ruta hadi 1452. Hata 1464 ikikwama, kuna kifaa njiani kinachokata chini ya hapo, na kitafutwe hatua kwa hatua kutoka kwa mteja kwenda kituoni.

Kupima baada ya kurekebisha

Seva ya kipimo iwekwe nyuma ya kituo, ndani ya mtandao wenyewe, ili intaneti ya nje isiingie kwenye hesabu. Kwa programu ya kupimia iperf3, pima TCP pande zote mbili, kwa mkondo mmoja wa data na kwa mikondo kadhaa. Mikondo kumi ikijaza kiungo na mmoja ukashindwa, kuna pakiti zinazopotea: kwa kanuni za TCP ya zamani, upotevu wa asilimia 1 na muda wa milisekunde 50 huubana mkondo mmoja chini ya megabiti 3 kwa sekunde. Kisha pima UDP, inayotuma bila kusubiri uthibitisho, kwa pakiti ndogo, kwa sababu redio nyingi huishiwa uwezo wa kushughulikia pakiti kabla ya kuishiwa hewa. Kwa viungo vya biashara, kipimo cha Y.1564 cha ITU-T, shirika la kimataifa la viwango vya mawasiliano, huangalia ucheleweshaji na upotevu wa huduma kadhaa kwa wakati mmoja, jambo ambalo RFC 2544 ya mwaka 1999, iliyokusudiwa vifaa vya maabara, haikulenga.

Vipimo vya saa nne asubuhi vifuatiwe na vya saa mbili usiku. Sekta ambayo zaidi ya nusu ya wateja wake, wakipimwa usiku, hawafikii modulesheni iliyohesabiwa haihitaji tena fundi wa kwenda nyumba kwa nyumba. Inahitaji kituo cha pili, chaneli nyembamba zaidi, au masafa mengine, na hesabu ianze upya kwenye ramani yenye urefu wa majengo ya sasa.